Mwenzi Akinywa: Lipi Liko Mikononi Mwako?



Ni mwisho wa mwezi, na saa tatu ya usiku imekwisha pita. Watoto wamekula. Mama ameketi karibu na dirisha akisikiliza kila matatu inayosimama pale njia panda, huenda ikamshusha mumewe. Anajua mshahara umelipwa leo. Simu amepiga mara tisa, haishikwi. Moyoni anapanga maneno atakayomwambia mume akibisha hodi. Anayapanga, anayapangua, anayapanga upya. Mtoto wa gredi ya tano analeta daftari la hesabu na kuuliza swali. Mama anamjibu bila kugeuka, "Ngoja baba yako aje." Mtoto anafunga daftari, anakwenda kulala.

Hatusimulii haya ili kumlaumu mama huyo. Amechoka, na uchungu wake ni wa haki. Lakini tutazame jinsi usiku wake ulivyokwenda. Saa ya mume kurudi, idadi ya chupa alizokunywa, marafiki waliomzunguka, fedha zitakazobaki mfukoni: hakuna hata moja kati ya hayo aliloweza kulitawala akiwa pale dirishani. Jambo lililokuwa mikononi mwake usiku ule ni lile daftari, nalo likampita.

Tunazungumzia pombe kwa sababu ndipo wanandoa wengi wanapochanganya kabisa yaliyo yao na yaliyo ya mwenzao. Na tusidhani ni mzigo wa wake peke yao. Wapo waume ambao wake zao hunywa, ila aibu yao hufunikwa zaidi.

Yake na yangu

Mke wa mlevi hujaribu mambo mengi. Huficha mkoba, humwaga pombe kwenye sinki, huhesabu chupa, humwapisha mumewe kwa Biblia, humfuata baa, huwaita kaka zake waje wamkemee, humwomba paroko aje "amtishe kidogo". Kwa wiki moja au mbili huonekana kama yamefaulu. Halafu mume hujifunza kuficha vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani huhesabu uraibu wa pombe kuwa ugonjwa, na ugonjwa hauondoki kwa kufuatwa baa, kama vile malaria haiondoki kwa kukemewa.

Sasa tazameni upande wa pili, kwa maana hapa ndipo penye jambo. Mke yuyo huyo asubuhi humpigia simu msimamizi wa kazi na kusema, "Baba watoto ana malaria." Deni la baa hulilipa yeye kwa fedha za chama. Huamka saa kumi alfajiri kufua nguo zilizotapikiwa, watoto wasije wakaona. Haya yote hakulazimishwa na pombe. Ulimi uliosema uongo kwenye simu ni wake. Mkono uliotoa fedha za chama ni wake. Basi nguvu zake zote amezimaliza kwenye mambo ya mume ambayo hayawezi, na yale yake mwenyewe anayoyaweza ameyaacha yaitumikie pombe. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Wapo watakaosema kwamba mke anayeacha kumfunika mumewe hana upendo. Sisi hatuoni hivyo. Jiulize swali moja tu kabla ya kumsaidia: nikifanya jambo hili, ni nani atakayebeba matokeo ya ile pombe? Kama jibu ni mimi na watoto, hapo umeusaidia ugonjwa.

Kiatu cha Lois

Lois Wilson wa Marekani aliolewa na Bill mwaka 1918. Miaka ikapita akipigana na pombe ya mumewe. Alimsihi, akamlinda, akamchukua safari ndefu mbali na mji ili aepukane na ulevi, na hatimaye ikawa yeye ndiye anayefanya kazi dukani kulisha nyumba. Mwezi wa Desemba 1934 Bill aliacha kunywa, na mwaka 1935 yeye pamoja na daktari mmoja, Bob Smith, wakaanzisha vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambamo walevi husaidiana kuacha.

Ungetazamia Lois afurahi. Lakini siku moja mume alipomhimiza wawahi mkutano, alishikwa na hasira akamtupia kiatu. Na mume hakuwa amelewa! Lois mwenyewe alishtuka. Akajichunguza, akaona kwamba kwa miaka yote hiyo kazi ya maisha yake ilikuwa kumbadilisha Bill, na sasa watu wengine walikuwa wamefanya lile lililomshinda yeye, naye amebaki hana kazi ila hasira. Alianza kutengeneza nafsi yake. Mwaka 1951 yeye na mwenzake mmoja wakaanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa wa wanywaji. Humo mtu hufundishwa kwamba hakuusababisha ulevi wa mwenzake, hawezi kuutawala, wala hawezi kuuponya. Wengi wakisikia hilo mara ya kwanza hulia, kwa sababu wamebeba lawama isiyo yao muda mrefu.

Mtakatifu Monika alilijua jambo hili katika karne ya nne, huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, ameandika katika Maungamo yake kwamba Monika alipokuwa msichana alizoea kuonja divai kila alipotumwa kuiteka, mpaka kijakazi mmoja alipogombana naye akamwita mlevi. Aliacha papo hapo. Tabia ile ilikuwa yake, aliweza kuiacha. Hasira ya mumewe Patrisi haikuwa yake. Patrisi alikuwa mkali, hakuwa mwaminifu kwa ndoa, wala hakuwa Mkristo. Monika hakujibizana naye akiwa amewaka. Alingoja atulie, ndipo akamweleza. Patrisi alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, wala haikuwa kazi ya novena moja ya siku tisa.

Kina mama, salini novena, msiache. Lakini kumbukeni kwamba Mungu mwenyewe amempa mtu hiari na hamlazimishi kumpenda. Usukani ambao Muumba ameuacha mikononi mwa mumeo, wewe utaunyakuaje?

Pa kuanzia

Anza na simu ya kazini. Mume asipoamka, mwambie kwa upole, "Baba watoto, simu hii hapa, mpigie msimamizi mwenyewe." Utaogopa kwamba atafutwa kazi. Hofu hiyo si ndogo, na kila nyumba itapima hali yake. Lakini wapo walioanza kutafuta matibabu siku walipolazimika kujieleza kwa kinywa chao wenyewe.

Chagua saa ya kusema. Usiku, akiwa amelewa, hata maneno ya busara hupotea bure. Ngoja asubuhi akiwa mzima na watoto wametoka, useme machache yaliyo ya kweli: "Jumamosi ulianguka mlangoni, watoto wakakuona. Naogopa. Nakuomba twende pamoja kwa daktari." Usimtukane, usimlinganishe na jirani, usichimbue ya mwaka juzi. Akikataa, umekwisha sema. Kukubali ni kwake.

Karo ilipwe moja kwa moja shuleni fedha zikipatikana, na mpango huo mpatane mume akiwa na akili timamu. Chakula, sala ya jioni na kazi za shule vifanyike kwa saa yake, baba awepo asiwepo. Usiahirishe nyumba nzima kwa ajili ya kiti kimoja kilicho kitupu. Mtafute pia mtu wa kuzungumza naye: paroko, mshauri wa ndoa, mama mwenye siri katika jumuiya yenu ndogo, au kikundi cha jamaa wa wanywaji kama kipo karibu. Hapa Kenya, NACADA ina simu ya bure, 1192, na anayepiga si lazima awe mnywaji.

Tahadhari moja. Usiyafanye haya kama mtego wa kumgeuza. Ukianza kuhesabu siku, ukimchungulia kama ameguswa na utulivu wako, umerudi dirishani. Huenda akabadilika, huenda asibadilike. Hilo ni gumu kulikubali, nasi hatutalipaka asali.

Pale penye hatari

Tuliposema Monika alinyamaza wakati wa hasira, hatukusema mke avumilie kipigo. Usalama wako na wa watoto uko miongoni mwa mambo unayopaswa kuyashughulikia, tena kabla ya mengine yote. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na mwenzake anayemletea yeye au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili. Kuondoka kwa sababu hiyo si kuvunja Sakramenti. Nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inakuwezesha kuomba mahakama amri ya ulinzi. Simu ya bure ya 1195 husaidia wanaotendewa ukatili. Hali kadhalika, usipande gari linaloendeshwa na mume aliyelewa, wala usiwapandishe watoto, hata kama wakwe wanatazama.

Nawe unayekunywa

Ndugu yetu, huenda umesoma mpaka hapa ukiwa na hasira. Wewe pia una yako na yasiyo yako. Baada ya glasi ya kwanza unajua mwenyewe kwamba huchagui tena. Kabla yake bado unachagua: njia utakayopita siku ya mshahara, nani ashike fedha, nani umpigie simu kiu inapokushika. Unaweza kukiri mbele ya mkeo kwamba pombe imekushinda, na kwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio ukiwa na neno hilo hilo.

Lakini kama umekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kupata kifafa, hata kufa. Nenda hospitali kwanza, daktari akusimamie. Na ukianguka tena baada ya miezi mitatu, kama inavyowapata wengi, rudi kwa daktari yule yule kesho yake.

Zoezi la wiki hii

Jioni moja isiyo na kileo, ketini wawili, kila mmoja na karatasi yake. Pigeni mstari katikati. Upande mmoja andika mambo yaliyokukosesha usingizi mwezi huu ambayo hayako mikononi mwako, na upande wa pili yale yaliyo mikononi mwako. Kisha badilishaneni karatasi, msome kimya. Je, kuna jambo ambalo mwenzako ameliandika upande usio wake? Je, kuna jambo lako ambalo umekuwa ukimngojea yeye alifanye? Msijibizane usiku huo. Yasiyo mikononi mwenu yawekeni katika sala ya familia kabla ya kulala, na kila mmoja achague jambo moja la upande wa pili, alifanye kesho.

Kama mwenzako hatakubali kuketi, andika peke yako. Halafu mwite mtoto alete lile daftari la hesabu.