Kuusoma msitu wa Arabuko-Sokoke kutoka angani

Tarehe 12 Desemba 1970, Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota. Setilaiti za kiraia zinazotazama ardhi zilifuata muda mfupi baadaye. Picha za Landsat ya Marekani zinaanzia 1972, na tangu 2008 hazilipiwi. Za Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza 2015, ni bure pia na zina maelezo mengi zaidi.

Kwa hiyo chama cha jamii kinacholinda msitu wa Arabuko-Sokoke kule Gede, au kikundi cha wapanda mikoko cha Mida, hakihitaji mfadhili ili kupata picha. Fungua tovuti ya Copernicus Browser, jisajili kwa baruapepe, sogeza ramani hadi kijijini kwenu, kisha chagua tarehe isiyo na mawingu. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, ndiyo miezi mizuri; masika utaona mawingu tu. Badili mpangilio wa rangi uende kwenye infraredi. Majani mabichi hurudisha kwa wingi miale hiyo ambayo jicho halioni, hivyo mimea yenye afya itaonekana nyekundu, na penye kipara patajitenga mara moja.

Hapa ndipo wengi huteleza. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, si msitu wa aina moja. Ukanda wa miti ya mirihi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ukilinganisha picha ya Juni na ya Februari utapiga mayowe kwamba msitu umefyekwa, kumbe miti imesimama palepale. Linganisha mwezi uleule wa miaka tofauti, na ukumbuke kama mwaka mmoja ulikuwa wa ukame. Kwa mikoko, angalia pia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Picha ya maji kujaa na ya maji kupwa hazilinganishwi, hasa wakati wa bamvua.

Jua pia kisichoonekana. Nukta moja ya Sentinel-2 ni mraba wa mita 10 kwa 10. Shamba jipya au eneo lililokatwa kwa ajili ya mkaa litaonekana; mti mmoja wa mhuhu ulioibwa kwa ajili ya vinyago hautaonekana. Kwa maoni yangu, yeyote anayedai setilaiti itachukua nafasi ya askari wa doria hajawahi kuingia msituni.

Ukiona badiliko, nenda ukahakikishe, pamoja na askari wa Huduma ya Misitu. GPS ya simu hufanya kazi bila bando, mradi ramani umeipakua mapema. Chini ya miti mikubwa subiri kidogo GPS itulie kabla ya kuandika nambari za mahali. Piga picha, andika tarehe, aina ya mti na kama kisiki ni kibichi au kikavu.

Ukikutana na bundi mdogo wa Sokoke, anayependa sehemu zenye miti ya Cynometra, nambari za mahali hapo mpe askari au mtafiti anayehusika. Usizipandishe Facebook, na kumbuka kuzima kitambulisho cha mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kutuma picha yake kwenye kundi la WhatsApp.