Frigo ya Milango Miwili: Toa Priza Kwanza, Kisha Fuata Njia ya Hewa



Mfanyakazi wa mgodi anajua kwamba hakuna kugusa mashine mbele ya kukata umeme. Kapita akikukuta unafungua pompu huku injini inazunguka, hiyo kazi umeipoteza. Lakini mtu huyohuyo akirudi nyumbani, miguu mitupu, sakafu ina maji, anaingiza mkono nyuma ya frigo ili aone kwa nini haitoi baridi. Umeme wa nyumbani ni volti 220. Unatosha kabisa kuua mtu.

Leo tunazungumza juu ya frigo ile kubwa inayosimama kama kabati, mlango mmoja kushoto na mwingine kulia. Wauzaji wanaiita frigo ya Kimarekani. Upande mmoja unagandisha, upande mwingine unatunza chakula kibichi na cha kupikwa. Ni kitu cha bei kubwa, na kwa mama wa Kamanyola anayeuza samaki ao maji baridi, ni chombo cha kazi. Ikiharibika, hasara ni ya siku hiyohiyo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: katika frigo nyingi za namna hiyo, baridi inatengenezwa mahali pamoja tu, nyuma ya ukuta wa ndani wa upande wa kugandisha. Pale kuna mabomba membamba yenye baridi kali, na feni ndogo inayosukuma hewa. Hewa inapita katika dirisha dogo lililo juu, kwenye ukuta unaotenga pande mbili, inaingia upande wa pili, inashuka, na kurudi chini kupitia tundu lingine. Wewe uliyefanya kazi chini ya ardhi umekwisha kuelewa: ni kama hewa ya galeri. Ukiziba njia moja, watu wa mwisho wa galeri wanakosa pumzi.

Kwa hiyo, ukikuta nyama imekuwa ngumu kama jiwe upande mmoja, lakini maziwa yanachacha upande wa pili, usikubali haraka mtu akikuambia kwamba gesi imekwisha. Gesi ikipungua, kwa kawaida pande zote mbili zinaumia. Hapa baridi ipo, ila haifiki. Tazama kwanza kama mfuko wa ndagala ao sufuria ya sombe imewekwa mbele ya lile dirisha dogo. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo. Kisha sikiliza feni. Katika frigo nyingi inasimama mlango ukifunguliwa. Kwa mkono mkavu, bonyeza kile kitufe kinachozima taa, na ungoje kidogo. Ukisikia kompresa inanguruma lakini feni iko kimya, inawezekana feni imekufa ao imefungwa na barafu.

Barafu ndiyo adui mkubwa. Ukuta wa nyuma wa upande wa kugandisha ukifunikwa na theluji nene, hewa haipiti tena. Frigo hizi zina waya wa joto unaoyeyusha barafu kila mara bila wewe kujua. Waya huo, termostati yake, ao saa inayouamsha, kimoja kikiharibika, barafu inajaa. Toa priza. Toa chakula chote. Fungua milango yote miwili, weka vitambaa na beseni chini, na uiache hivyo siku nzima na usiku. Usichukue kisu, bisibisi wala nyundo! Tena usiweke mbabula ya makala ndani ili kuharakisha kazi. Frigo nyingi za siku hizi zina gesi inayoitwa R600a. Jina limeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa ao ndani ya frigo. Gesi hiyo inawaka moto. Kisu kikitoboa bomba, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi yoyote. Fungua madirisha na utoe watoto nje.

Kisha irudishe kwenye umeme. Ikifanya kazi vizuri siku kadhaa, halafu upande wa pili ukaanza tena kupata joto, basi mwambie fundi maneno hayohayo: niliyeyusha barafu, ikapona, ikaugua tena. Fundi anayejua kazi atatafuta kwenye vyombo vya kuyeyusha barafu. Yule anayekimbilia kuongeza gesi bila kupima kitu, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Pande zote mbili zikiwa na joto, tazama nje ya frigo. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara ya bonde la Ruzizi linaingia kila mahali, na linashika kwenye mabomba ya chini ao ya nyuma yanayotoa joto. Kompresa inazunguka usiku kucha bila faida. Toa priza, ondoa ubao wa matundu ulio chini mbele, na upanguse kwa brashi laini kila miezi mitatu. Usiibane frigo kwenye ukuta wala karibu na jiko. Mpira wa mlango unapimwa hivi: funga mlango juu ya noti ya franka 500, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe. Miguu ya mbele iinuliwe kidogo kuliko ya nyuma, ili milango ijifunge yenyewe.

Kwa mwenye kununua: Bukavu kuna ubaridi, lakini ukishuka bondeni joto ni lingine. Ndani ya frigo kuna kibandiko chenye herufi. N maana yake frigo imepangwa kwa chumba cha joto la digrii 16 mpaka 32. ST mpaka 38. T mpaka 43. Kwa Kamanyola na Uvira, tafuta ST ao T. Tena soma volti. Frigo iliyotoka Marekani inataka volti 115 ao 120, na injini yake imepangwa kwa hertz 60, wakati umeme wetu ni 220 na 50. Ukiichomeka hivihivi utaiunguza. Ikisafirishwa, isimame wima. Kama ililazwa kwenye lori katika miteremko ya Ngomo, iache isimame siku nzima mbele ya kuiwasha, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa.

Umeme unaokatika na kurudi unaua kompresa. Ukikatika, toa priza. Ukirudi, ngoja dakika kumi ndipo uichomeke. Kifaa cha stabilizateri kinasaidia, kama kina nguvu ya kutosha, kwa sababu kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka. Kwa sababu hiyo usitumie waya mwembamba wa kuunganisha, uliojaa priza za redio na telefone.

Na umeme ukikupiga kidogo unaposhika mlango, usicheke na kusema frigo inakutekenya. Umeme umetoroka na umefika kwenye bati. Leo umevaa viatu. Kesho mtoto ataushika akitoka kuoga. Toa priza, usiirudishe mpaka fundi aone waya wa ardhi. Disjonteri ya miliampere 30 ndiyo inayokata haraka wakati mtu anapigwa. Nyumba yenye frigo isiikose.

Sasa chakula. Umeme ukikatika na milango ikabaki imefungwa, upande wa kutunza unalinda chakula saa 4 hivi. Upande wa kugandisha ukijaa unaweza kufika saa 48, ukiwa nusu saa 24. Kila mara mtoto anapofungua kutazama, unapoteza muda huo. Sangala iliyoyeyuka na kupata joto usiigandishe tena kwa ajili ya kuuza.

Wali unahitaji neno lake, kwa sababu bonde letu ni la mpunga. Wali ulioachwa katika joto unaweza kuota vijidudu vinavyotengeneza sumu, na sumu hiyo haifi hata ukiuchemsha tena. Mtoto anatapika, na watu wanasema amerogwa. Tandaza wali kwenye sahani pana upoe, uingie frigo mbele ya saa 2 kupita. Ukilala nje, utupe.

Mwisho, frigo iliyokufa isiwekwe nyuma ya nyumba na milango yake. Watoto wanaocheza kujificha wanaingia, mlango unajifunga, hewa inakwisha na sauti haisikiki nje. Marekani walipitisha sheria juu ya jambo hilo mwaka 1956, baada ya watoto wengi kufa hivyo. Ondoa milango yote miwili siku hiyohiyo, na uache rafu ndani ili mtoto asipate nafasi ya kuingia.