Marehemu Hakulipa Zaka: Paroko Afanyeje?

Msiba ukitokea katika parokia nyingi za Kikatoliki nchini Tanzania, familia huulizwa mapema: marehemu alikuwa anasali jumuiya gani? Pengine swali la pili hufuata: kadi yake ya zaka ikoje? Hapo utaratibu wa parokia unakutana na watu waliotoka kulia sasa hivi, na anayepaswa kuwaunganisha ni paroko.

Mtu anaweza kunyimwa mazishi ya Kanisa kwa sababu ya zaka?

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazisemi hivyo. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa, nao ni wale tu ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani, wazushi na waliofarakana na Kanisa, wakijulikana hivyo waziwazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waumini. Deni la zaka halimo. Tena kanuni ya 1181 inaonya kwamba maskini wasikoseshwe mazishi yanayowastahili. Paroko akiwa na shaka, anapaswa kumuuliza askofu na kufuata uamuzi wake. Mwenyekiti wa jumuiya hana mamlaka ya kufunga mlango huo, hata awe na daftari safi kiasi gani.

Basi jumuiya inaulizwa ya nini?

Kwa sababu nzuri. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele miaka ya 1970, wakitaka Kanisa liishi pale majirani wanapoishi. Paroko mwenye vigango vingi hawezi kumjua kila mgonjwa. Jumuiya inajua nani amelazwa, nani ameachishwa kazi, nani aliacha kusali baada ya ugomvi wa ndoa. Ushuhuda huo ni msaada mkubwa. Unaharibika pale unapogeuzwa risiti.

Kwa hiyo kuchangia ni hiari tu?

Hapana, na paroko asiwafiche waumini. Kanuni ya 222 inawadai walisaidie Kanisa katika mahitaji yake: ibada, utume, huduma kwa wahitaji na riziki ya watumishi wake. Lakini sheria hiyo hiyo inaudai uongozi pia. Kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha (kanuni ya 537), na waumini wasomewe hesabu za mali waliyoitoa (kanuni ya 1287). Mahali ambapo michango inatangazwa kila Jumapili na matumizi hayasomwi kamwe, nusu ya sheria imesahaulika, na mara nyingi ndipo manung'uniko yanapoanzia.

Waraka wa jimbo ukifika, paroko aufikishe vipi?

Kuusoma kwa haraka baada ya komunyo hakutoshi. Aueleze, pamoja na sababu yake. Na atenganishe mambo matatu ambayo waumini huyasikia kama sauti moja: sheria ya Kanisa lote, agizo la askofu, na desturi ambayo parokia ilijiwekea yenyewe. Hii ya tatu inaweza kubadilishwa na paroko akishauriana na halmashauri ya walei. Masharti mengi yanayowaumiza wafiwa ni ya aina hii.

Kazi ya pili husahaulika zaidi: kupeleka habari juu. Kiwango cha mchango wa kila mwezi kinaweza kumfaa mwenye mshahara na kumlemea mkulima anayeshika fedha wakati wa mavuno. Askofu hatalijua hilo asipoambiwa. Kanuni ya 529 inamtaka paroko azitembelee familia, na ya 212 inawapa waumini haki ya kuwaeleza wachungaji wao mahitaji yao. Anayoyakuta kwenye nyumba hizo ndiyo ya kuandika jimboni.

Familia ikikataliwa, iende wapi?

Kwa paroko mwenyewe, bila kuishia kwa mjumbe wa jumuiya. Mkiweza, nendeni na katekista anayemfahamu marehemu, na mseme wazi kilichomzuia kuchangia: ugonjwa, ukosefu wa kazi, kuhamahama. Ombeni mwambiwe ni kanuni ipi au agizo lipi linalozuia. Jibu lisiporidhisha, mpigieni dekano au ofisi ya askofu siku hiyo hiyo, kabla ya ratiba ya mazishi kupangwa.