PUNDA SI NG'OMBE

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike somo litakalowafaa wanafunzi wakati wa likizo. Wengi wenu mtakapofika nyumbani, Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Kongwa, kazi ya kwanza mtakayopewa itakuwa kwenda kuteka maji pamoja na punda. Basi nimeona nieleze habari za mnyama huyo, maana mimi mwenyewe niliwahi kumwua mmoja, wala sikumwua kwa fimbo bali kwa huruma.

Nalikuwa na umri wa miaka 11. Nyumbani tulikuwa na punda jike wa kijivu, mwenye mstari mweusi mabegani kama msalaba. Kiangazi kile majani yalikuwa yamekwisha, naye alikonda hata mbavu zikahesabika. Siku moja mama alikuwa amekwenda msibani. Jioni nikafungua gunia la pumba za mahindi, nikamwekea karai zima. Akala yote, nami nikaongeza la pili kwa furaha. Maji sikumpa, kwa kuwa yaliyobaki yalikuwa ya kupikia. Alfajiri nikamkuta amelala ubavu, anajigaragaza, mara anainuka, mara anageuza kichwa kulitazama tumbo lake. Adhuhuri alikuwa amekufa. Jirani mmoja alisema amerogwa, nami nikanyamaza. Tangu siku hiyo mpaka mavuno yaliyofuata dada zangu walibeba maji kichwani.

Sababu yake niliipata baadaye sana, darasani. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Hula upesi upesi, kisha hukaa kivulini akacheua. Punda ana tumbo moja, tena dogo. Hacheui, na zaidi ya hayo hawezi kutapika: kilichoingia hakina njia ya kurudi. Majani anayokula huyeyushwa mbele kabisa, katika utumbo mpana, na vijidudu wanaoishi humo. Vijidudu hao wamezoea majani makavu. Ukiwaletea pumba nyingi kwa mara moja huchacha, hewa hujaa, na bila maji chakula hukauka kikaziba. Ndiyo maana punda ameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa na hata usiku. Sisi huku humfunga kambani toka asubuhi, kisha jioni tukamjazia karai. Hapo ndipo tunapokosea.

Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 150 hivi. Mpe kama kilo 3 za majani makavu au mabua kila siku, na zaidi kidogo siku za kazi nzito, lakini uzigawe mara tatu au nne. Hapa kwetu mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mabua ya uwele na mahindi yasichomwe moto shambani baada ya mavuno. Yakusanyeni, myapandishe juu ya uchanja ambapo mchwa na mbuzi hawafiki. Yaliyoota ukungu yatupwe. Pumba si haramu, ila ziwe konzi mbili tatu, ziloweshwe kidogo, na punda awe amekwisha kunywa.

Juu ya mtama nina onyo. Mtama mchanga, au machipukizi yanayoota kwenye visiki baada ya kuvuna, hasa jua likiwa kali, huwa na sumu iwezayo kuua mnyama kwa muda mfupi. Punda asiachwe kuzurura katika shamba la namna hiyo. Wala asiachwe jalalani, kwani mifuko ya plastiki humziba tumbo.

Watu husema punda hahitaji maji. Kweli huvumilia kiu kuliko ng'ombe, maana asili yake ni nchi kavu za upande wetu huu wa Afrika, ambako wataalamu wa nasaba za wanyama walionyesha mwaka 2022 kwamba alianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Lakini kuvumilia si kutohitaji. Apewe kama debe moja kwa siku. Mara ngapi nimemwona punda akitoka bombani na madumu manne mgongoni, naye hakuonjeshwa hata kibuyu kimoja!

Na hayo madumu manne tuyapigie hesabu. Dumu moja ni lita 20, yaani kilo 20. Manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa punda mwenyewe. Kipimo kinachofaa ni theluthi moja, yaani kilo 50. Basi ni madumu mawili, moja kila upande, na kama maji hayatoshi nenda safari ya pili. Najua safari ya pili inachosha. Chini ya mzigo weka matandiko mawili manene, kushoto na kulia, ili uti wa mgongo ukae katikati bila kuguswa.

Penye mkokoteni ndipo kosa la kumfanya punda ng'ombe huonekana wazi. Ng'ombe wetu wana nundu na shingo nene, nira hutulia pale nao husukuma. Punda hana nundu. Ana mfupa tu uliofunikwa ngozi. Mvishe nira, na baada ya wiki moja utaona kidonda. Nguvu zake zimo kifuani. Mshonee mkanda wa magunia, upana wa kiganja, upite kifuani chini ya koo usije ukambana pumzi. Kamba ya katani au ya nailoni peke yake hukata nyama.

Kidonda kikitokea, kazi isimame mpaka kipone. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita, ukaoshe mara mbili kwa siku. Wengine humwaga oili chafu ya gari au maji ya betri. Hayo huunguza tu. Jina la pepopunda lina punda ndani yake, na kwa hakika punda na farasi hupatwa na ugonjwa huo kwa wepesi sana. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi, huingilia penye jeraha, hasa jeraha la msumari kwatoni. Kwa hiyo chokoa kwato kila jioni kwa kijiti.

Kadhalika asiogeshwe dawa ya kupe ya ng'ombe bila kuuliza. Iliyomo amitrazi haimdhuru ng'ombe, bali humsimamisha punda utumbo. Mwulizeni bwana mifugo.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza kwa nini nisifundishe habari za farasi. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla hajafika Ugogo. Mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi vimewazuia wasienee huku. Punda wake nao walikufa wengi njiani, lakini ukoo wao ndio uliobaki kwetu.

Wala msidhani kwamba huyu akifa mtanunua mwingine kwa wepesi. Hapa Dodoma palikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikapelekwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na wanyama wakapungua. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukaafikiana Februari 2024 kuizuia barani kwa miaka 15. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, naye huzaa mmoja tu.

Lililo gumu zaidi ni kwamba punda halalamiki. Ng'ombe akiumwa utamjua. Punda husimama kimya, masikio yamelegea, kichwa chini, nawe wadhani amepumzika. Asipokula siku nzima, hesabu kwamba ana ugonjwa mkubwa, maana mafuta ya mwili wake huanza kumwagika katika damu na ini likashindwa. Kila asubuhi, kabla ya kumfunga mzigo, tazama kama amekula, kama amekunya, na kama masikio yanageuka akusikiapo.

Wenye maswali watanipata maabara siku ya Jumatano baada ya chakula cha mchana. Ila mwenye punda asiyekula tangu jana asingoje Jumatano.