KUKOROMA SI UVIVU WALA SI MZAHA

Katika somo letu la afya mwaka huu tumechagua jambo ambalo kila aliyewahi kulala bwenini au kukaa itikafu analijua, nalo ni kukoroma.

Wengi hulicheka, na sisi tuliwahi kulicheka. Tulikuwa na mwenzetu ambaye usiku alikoroma hadi chumba cha pili wakamsikia, na asubuhi alisinzia juzuu ikiwa mbele yake. Akaitwa mvivu, akaambiwa ana jinamizi, na fimbo akazionja. Mama yake alipompeleka hospitali, ikaonekana mafindofindo yake yamevimba hadi yanakaribia kugusana. Kosa halikuwa lake. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

KUKOROMA NI NINI?

Tunapolala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa hupungua upana. Hewa ikipita kwa shida hutikisa kaakaa laini na kidakatonge, na hiyo ndiyo sauti tunayoisikia. Mafua au kulala chali huweza kumkoromesha mtu yeyote, na hilo peke yake si ugonjwa.

Hatari ni pale njia inapoziba kabisa. Mtu anakoroma, kisha ghafla kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii. Baadaye anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, halafu anaanza tena. Hali hii huitwa apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini. Kwa mtu mzima huhesabiwa pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali ndogo, 15 hadi 29 ni ya kati, na 30 na kuendelea ni kali. Kwa mtoto, hata mara moja kwa saa si kawaida. Mwenyewe akiamka hakumbuki kitu. Shahidi ni aliyelala naye chumba kimoja.

MADHARA YAKE

Kila pumzi inapokatika, oksijeni hupungua katika damu na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, huchangia shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Mchana mtu husinzia bila kutaka. Kwa dereva wa lori au wa bodaboda kati ya Kibondo na Kasulu, sekunde chache za usingizi zinatosha kuleta msiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa karibu watu bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili.

Kwa watu wazima, sababu kubwa ni unene, hasa mafuta yanapozidi shingoni. Kwa watoto ni mafindofindo na nyama za puani. Mtoto mwenye tatizo hili hulala mdomo wazi, hutoka jasho, huweza kukojoa kitandani na husahau masomo. Wengine hawasinzii kabisa, bali huwa watundu wasiotulia.

TIBA NA KINGA

1. Kulala ubavu badala ya chali. Hapa adabu tuliyofundishwa ya kulalia ubavu wa kulia inatufaa pia.

2. Kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na kuacha sigara. Pombe, ambayo dini yetu imeikataza, hulegeza misuli ya koo na kuzidisha tatizo.

3. Upasuaji wa kuondoa mafindofindo na nyama za puani. Watoto wengi hupona kwa njia hii. Anzeni hospitali ya wilaya. Ikihitajika, mtapewa rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, kama walioko Bugando, Mwanza.

4. Mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Australia, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1981.

TAHADHARI

Wako wanaowapeleka watoto kukatwa kimeo kwa waganga wa kienyeji. Kukata kimeo hakuondoi mafindofindo wala nyama za puani. Kisu kisichochemshwa huleta pepopunda na maambukizi mengine, na mtoto anaweza kuvuja damu hadi kufa.

Ndugu wanafunzi, usiku mkimsikia mwenzenu anakoroma kisha pumzi inakatika, msimcheke. Mgeuzeni alale ubavu, na asubuhi mwambieni mwalimu au mzazi wake. Nasi walimu, kabla ya kushika fimbo, tumwulize mtoto amelalaje.

MASWALI

1. Kukoroma kwa kawaida kunatofautianaje na apnia ya usingizi?
2. Taja dalili tatu za tatizo hili kwa mtoto.
3. Kwa nini kukata kimeo si tiba?