Somo la Mwezi: Siku za Kungoja Kabla ya Mlima



Katika somo letu la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo wasafiri wengi hulidharau, nalo ni zile siku chache za kungoja kabla ya kuanza kupanda mlima. Mfano wetu tunautwaa mbali, katika milima ya Andes, nchini Peru, Amerika ya Kusini. Kila mwaka vijana wa mataifa mengi hufika huko wakiwa na shanta mgongoni. Hujiunga katika makundi, kisha hutembea kwa miguu siku nne kuifuata njia ya kale ya Wainka mpaka kwenye magofu ya Machu Picchu. Njia hiyo ina urefu wa kilometa 43 hivi. Lakini mara nyingi kufaulu au kushindwa kwa kundi huamuliwa kabla hatua ya kwanza haijapigwa.

1. Hewa ya mahali pa juu

Mji mkuu wa Peru, Lima, uko pwani. Kwa ndege, ni safari ya saa moja na kidogo kutoka hapo mpaka Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka. Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Basi mtu aliyekunywa chai asubuhi kando ya bahari aweza kula chakula cha mchana mahali ambapo kila pumzi humpa kama theluthi mbili tu ya oksijeni aliyoizoea.

Si kwamba hewa ya mlimani ina mchanganyiko mwingine. Oksijeni ni sehemu 21 hivi katika kila sehemu 100 za hewa, pwani na mlimani sawasawa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo pumzi ile ile huingiza oksijeni kidogo.

Mwili hauketi bure. Mara moja huanza kupumua kwa nguvu zaidi, na moyo hupiga upesi. Kwa siku chache zinazofuata figo huirekebisha damu ili kupumua huko kuweze kuendelea. Majuma yakipita, chembe nyekundu za damu huongezeka. Kazi hii ina mwendo wake, wala haiharakishwi kwa ushujaa.

2. Ugonjwa uitwao soroche

Wenyeji wa Andes huuita ugonjwa huu soroche. Padre mmoja Mhispania, José de Acosta, aliupata alipovuka mlima wa Pariacaca katika miaka ya 1570. Alitapika sana hata akadhani atakufa. Katika kitabu chake cha mwaka 1590 alieleza kwamba hewa ya huko ni nyembamba mno isimfae binadamu kupumua. Hakuwa na vyombo vya kupimia, lakini alikuwa karibu sana na ukweli.

Dalili huanza saa chache baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa taabu. Kwa wengi hupita baada ya siku moja au mbili za kupumzika. Lakini yafaa kuzijua dalili za hatari. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au akili yake ikichanganyikiwa, ubongo wake unavimba. Akihema hata akiwa ameketi, akikohoa na kutoa makohozi yenye povu, mapafu yake yanajaa maji. Hali zote mbili huua. Tiba ya kwanza ni kumshusha chini upesi, hata kama ni usiku.

Tena ugonjwa huu haumchagui mnyonge. Kijana mwenye misuli, aliyezoea kukimbia, aweza kuanguka huku mwenzake mwembamba akiendelea vizuri. Mara nyingi mwenye nguvu ndiye hupanda kwa haraka, na haraka ndiyo humponza.

3. Kishawishi cha kuficha

Serikali ya Peru huruhusu watu 500 tu kuianza njia hii kila siku, pamoja na viongozi na wapagazi wao. Kila mwezi Februari njia hufungwa. Kibali huandikwa jina la msafiri na namba ya pasipoti yake, wala hawezi kumpa mtu mwingine, na nafasi hujaa miezi mingi mbele.

Fikirini basi kijana aliyeweka akiba mwaka mzima. Usiku wa mwisho mjini kichwa kinamwanga, na chakula hakimkai tumboni. Akisema, huenda akaachwa. Akinyamaza, kesho ataondoka na wenzake. Wengi hunyamaza.

Lakini angalieni mbele yake kuna nini. Siku ya pili ya safari njia hupanda mpaka mita 4,215, kwenye pito liitwalo Warmiwañusca, maana yake kwa Kikechua ni Mwanamke Aliyekufa. Hapo pumzi huleta kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani. Hakuna barabara wala gari. Aliyezidiwa hana budi kurudi kwa miguu yake au kubebwa na wenzake katika ngazi za mawe. Siri ya mtu mmoja yawa mzigo wa kundi zima.

4. Mpango ulio mwema

Kundi lenye busara huzitumia siku za kungoja hivi:

(a) Hupanda kidogo kidogo. Wengine hutoka Lima kwa basi hadi Arequipa, kama mita 2,300, wakakaa huko kwanza. Wengine wakishuka katika ndege Cusco huteremka siku hiyo hiyo mpaka bonde la mto Urubamba, penye miji kama Ollantaytambo iliyo kama mita 2,800, wakalala huko.

(b) Mchana hutembea juu, usiku hulala chini. Waganga wa milimani hushauri kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya mapumziko.

(c) Hunywa maji ya kutosha, hula chakula chepesi, na huacha pombe. Wenyeji hutoa chai ya majani ya koka, nayo ni desturi yao ya tangu zamani. Lakini haichukui mahali pa kupumzika. Dawa ya kuusaidia mwili kuzoea ipo, ila itumiwe kwa shauri la daktari.

(d) Kila jioni huulizana hali, mmoja mmoja, bila mzaha. Mwendo wa kundi huwekwa na yule aliye nyuma kabisa.

5. Mizigo na wanaoibeba

Katika siku hizo hizo shanta hufunguliwa na kupimwa. Mahema, vyakula na vyombo vya kupikia hubebwa na wapagazi, wengi wao Wakechua kutoka vijiji vya milimani. Zamani walitwishwa mizigo ya kutisha. Mwaka 2001 ilitungwa sheria ya kuwalinda, iliyoweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo. Wamezaliwa katika hewa ile, lakini magoti na migongo yao ni kama yetu. Kila kitu kisicho cha lazima kikiachwa mjini, kuna mtu anayepumua vizuri zaidi kesho yake.

Twaona basi kwamba siku za kungoja si siku zilizopotea. Ndizo siku ambazo kosa bado laweza kusahihishwa kwa gharama ndogo: kulala usiku mmoja zaidi, kupunguza mzigo, kusema neno moja la kweli. Juu ya pito kosa lile lile huwa ghali mno. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wapandaji wa Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, huambiwa "polepole" kwa sababu hizi hizi.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mtu mwenye nguvu aweza kuugua kabla ya mnyonge?
2. Kundi lifanye nini ili mgonjwa asione haya kusema?
3. Ikiwa mmoja hawezi kuendelea, ni nani abaki naye? Yafaa jambo hilo liamuliwe lini?
4. Katika safari au kazi zetu za pamoja, ni nani anayebeba mzigo ambao tungaliweza kuupunguza?