KITAMBULISHO CHAKO NI JINA LAKO: NAMNA YA KUJIKINGA NA WIZI WA UTAMBULISHO

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini, na kuwasomea jamaa zao nyumbani.

1. UTANGULIZI

Kila siku wakaazi wa Visiwani huteremka kutoka kwenye boti katika bandari ya Dar es Salaam. Wako waelekeao Magogoni kwa shughuli za ofisi au kupanda kivuko cha Kigamboni, na wako waendao Kariakoo kununua bidhaa. Wengi wao hubeba katika bahasha moja kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na hati ya mshahara.

Mwizi wa fedha huondoka na kile alichokikuta mfukoni. Mwizi wa utambulisho huondoka na jina, akalitumia kukopa, kusajili laini ya simu au kuomba kazi. Deni na kesi humrudia mwenye jina, pengine baada ya miaka mingi, wakati ameshasahau ni wapi alipoacha karatasi yake.

2. FUNZO LA MWAKA 2017

Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Idadi hiyo ilizungumzwa sana. Iliyozungumzwa kidogo ni nyingine iliyokuwamo katika taarifa hiyo hiyo: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Yaani cheti kimoja, watu wawili.

Katika hali kama hiyo, aliyekaa darasani na kufaulu hujikuta katika orodha moja na asiyefanya mtihani, naye hulazimika kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Karatasi peke yake haimtetei, kwa kuwa mwenziwe anayo iliyo sawa.

Inafaa isemwe wazi kwamba cheti si lazima kiibwe na mgeni. Chaweza kutoka sandukuni mwa nyumba, kwa ombi la ndugu asiye na kazi, na mwenye cheti akaona vigumu kukataa. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Anayeazima cheti cha nduguye anataka kufanana naye, na siku ya uhakiki wote wawili huitwa. Msaidieni ndugu kwa nauli, kwa ada ya kurudia mtihani au kwa kumtafutia ufundi. Jina haliazimwi.

3. NAMBA YA KITAMBULISHO CHA TAIFA

Namba itolewayo na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ina tarakimu 20. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo aliyeiona namba yako ameijua pia tarehe yako ya kuzaliwa. Mtu aliyefanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya benki au ya fedha za simu amemkabidhi mwizi mlango pamoja na ufunguo. Abadilishe leo.

4. USAJILI WA LAINI ZA SIMU

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kuzimwa. Utaratibu huo uliifunga laini kwa mwenyewe. Lakini ulifungua mlango kwa wakala asiye mwaminifu.

Tuchukue mfano. Mama lishe wa Kariakoo anasajili laini kwa wakala aliyekaa chini ya mwamvuli. Anaweka kidole. Wakala anasema, "Haijasoma, mama, weka tena." Anaweka mara ya pili, na ya tatu. Laini moja anapewa mkononi. Nyingine imesajiliwa kwa jina lake na kuuzwa kwa tapeli. Miezi baadaye mtu aliyetapeliwa anakwenda polisi, na jina linaloonekana ni la mama huyo.

Kinga yake ni nyepesi. Piga *106# katika kila laini uliyo nayo, nawe utaoneshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako katika mtandao huo. Ukiona usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni husika, uiondoe mara moja. Afadhali kusajili dukani kuliko njiani.

5. KITAMBULISHO SI REHANI

Wako wakopeshaji wanaoshika kitambulisho, kadi ya benki na hata namba ya siri ya mtumishi hadi deni lishe. Wako pia wanaokopesha kwa simu na kudai picha ya kitambulisho. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kabla ya kukopa, uliza kwanza leseni ya mkopeshaji.

6. YA KUZINGATIA

(a) Usitembee na vyeti halisi bila ya haja. Beba vivuli.
(b) Unapotoa kivuli, andika juu yake kazi yake na tarehe, kwa mfano: "Kwa maombi ya umeme tu."
(c) Ukitoa vivuli dukani, simama hapo hapo. Chukua pia nakala zilizoharibika.
(d) Usimtumie mtu picha ya kitambulisho kwa sababu tu amepiga simu akajiita mtumishi wa benki, wa Serikali au wa kampuni ya simu. Kata simu, kisha uende mwenyewe ofisini.
(e) Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata anayesema anataka kukusaidia.

7. WAJIBU WA MTUMISHI

Daftari la wageni lililo wazi mapokezini humruhusu kila apitaye kusoma majina na namba za waliotangulia. Fomu zilizokwisha kazi zikitupwa hovyo, huishia kufungia karanga. Karatasi hizo zichanwe au zichomwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na azitumie kwa lengo lililokusudiwa. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta.

8. UKIPOTEZA AU UKIIBIWA

Toa taarifa polisi siku hiyo hiyo na upate hati ya upotevu, maana tarehe yake ndiyo itakayokutetea iwapo jina lako litatumiwa baadaye. Arifu benki na kampuni ya simu. Kisha nenda NIDA. Kwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, nenda ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Namba ya tapeli aliyekutumia ujumbe ipelekwe 15040. Hifadhi kila risiti.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

(i) Ni nani mwenye kivuli cha kitambulisho chako hivi sasa, na kwa kazi gani?
(ii) Ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako?
(iii) Vyeti vyako viko wapi, na nani mwingine anajua vilipo?

Asiyeweza kujibu swali moja kati ya hayo aanze nalo leo, kabla hajaulizwa na askari.